Sentensi Isiyokuwamo Katika Wasia wa Bwana Saa Nne

Bi Subira binti Abdallah alikufa akiwa na hakika kwamba baba yake, Mwingereza aliyesimamia shamba la mkonge karibu na Muheza, alimtaja katika wasia wake na kumwita damu yake. Hakumtaja. Sentensi ile niliitunga mimi, nikiwa nimesimama jikoni kwa binti yake hapa Tooting, London, simu mkononi, na wasia wenyewe uko mezani mbele yangu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonijia siku hizi mkitaka niwaonyeshe namna ya kumtafuta babu Mzungu. Nimestaafu sasa. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu hapa London ilikuwa kusoma wasia za Waingereza waliowahi kuishi kwetu, Tanganyika, Kenya na Unguja, na kuwatafuta ndani yake watu ambao wenye wasia hawakupenda waonekane. Mnakaa sebuleni kwangu, mnakunywa chai, mnaniita bingwa. Nitawaeleza ninayoyajua. Lakini nitawaeleza kwa njia ya kesi hii moja, kwa sababu nyingine nilizifanya vizuri na hazina la kuwafundisha.

Kwanza majina, maana hapo wengi hukwama. Waingereza wana orodha nzuri ya marehemu wao walioacha mali, mwaka kwa mwaka, kwa herufi. Ukiwa na jina la ukoo na mwaka wa kifo, umeshamaliza nusu ya kazi. Watu wetu hawana vyote viwili. Mteja anaingia, anaketi, anakunjua leso, anasema babu yake aliitwa Bwana Fimbo. Mwingine anasema Bwana Miwani. Mama mmoja wa Nakuru aliniambia babu yake alikuwa Bwana Kuku, kwa sababu kila asubuhi aliwahesabu kuku wake mwenyewe, hakumwamini mpishi. Nenda kamtafute Bwana Kuku katika orodha ya Kiingereza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Jayanti, Mgujarati mzaliwa wa Mombasa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viungo, hapa hapa Tooting. Pilipili ikisagwa chini, sisi tulikohoa juu mpaka jioni, na wateja wakadhani tunalia kwa huruma. Alizungumza Kiswahili cha Mombasa vizuri kuliko watu wengi mnaowaona wakijidai Waswahili, na hakuwa na subira na mtu wa Tanga.

“Nyinyi wa Tanga mwapenda maneno matamu,” alikuwa akiniambia. “Karatasi haina utamu, bibie. Isome vile ilivyo.”

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba usimuulize mteja kuhusu jina la babu. Muulize kuhusu mazoea yake. Alikunywa nini? Aliugua nini? Mbwa wake alikuwa wa aina gani? Nani alichukua nafasi yake alipoondoka, na aliondoka na meli au ndege? Mtu anaweza kubadilisha anwani mara saba, lakini aliyependa bunduki atagawa bunduki katika wasia, na aliyependa mbwa atampangia mbwa pa kuishi. Alinifundisha pia kuanza na mashahidi waliotia sahihi chini, kabla ya kusoma nani amepata nini, kwa sababu mashahidi ni watu waliokuwapo chumbani siku ile. Na alinifundisha kuhesabu karatasi kabla ya kusoma neno hata moja. Hilo la mwisho nililisikia kila siku kwa miaka mingi, na ndilo nililolivunja.

Salma, binti yake Bi Subira, alikuwa muuguzi. Alikuja ofisini moja kwa moja kutoka zamu, viatu vya kazini bado miguuni. Mama yake alikuwa Tanga, amepita miaka themanini, na alikuwa na ombi moja tu.

“Anataka kujua kama yule mzee alimtaja mahali popote,” Salma alisema. “Hataki nyumba, hataki kitu. Anataka kujua kama jina lake liliwahi kuandikwa na mkono wa babake.”

“Jina la baba?”

“Bwana Saa Nne.”

Nilicheka, naye akacheka. Akaeleza kwamba saa nne ya asubuhi kengele ilipigwa barazani, shamba zima likasimama, na bwana akanywa chai. Aliyebeba sinia la chai alikuwa Mwanaisha, mpishi wake. Huyo Mwanaisha ndiye mama yake Bi Subira. Mtoto alipofika umri wa miaka sita, bwana alirudi kwao na hakuandika barua.

Wale wa pwani hawahitaji kuelezwa jina la binti Abdallah. Wengine nitawaeleza. Kwetu mtoto ambaye baba yake hakujitokeza alipewa jina la Abdallah, mja wa Mungu, ili asiitwe hivi hivi bila baba. Ni jina la heshima, na kila anayelisikia kwa mtoto mweupe mwenye nywele za singa anajua limewekwa kufunika nini. Bi Subira alilibeba shuleni, akaolewa nalo, akapanga nalo foleni ya sukari. Wakati wa ugomvi wa kisimani, aliniambia mwenyewe baadaye kwa simu, hakuna aliyemtukana kwa maneno mengine. Walilitaja tu jina lake lote, polepole.

Nilimpata Bwana Saa Nne baada ya majira mawili ya baridi. Siku zile tulikuwa bado tunaagiza nakala kwa fomu na kusubiri posta. Nilipitia orodha za abiria wa meli, nikachukua mameneja wote wa mkonge waliotoka Tanga kwa miaka ile, nikawafuata mmoja mmoja hadi vifo vyao. Wa tisa alikufa mji mdogo wa pwani huku Uingereza, na wasia wake uliligawia kanisa la kijijini kwao “kengele ya shaba iliyopo barazani kwangu Tanganyika.” Nilipofika kwenye kengele nilisimama na kumwita Mzee Jayanti. Alisoma, akakohoa, akasema, “Haya, Mtanga. Umemshika.”

Wasia huo aliuandika akiwa bado Muheza, Bi Subira akiwa mtoto wa kutambaa. Piano ilikwenda kwa mpwa wake. Bunduki kwa jirani yake wa shamba la pili. Mbwa kwa daktari. Kisha mstari huu, ambao niliufasiri neno kwa neno siku ile na naweza kuusema hata sasa: “Kwa Mwanaisha, mpishi wangu, vyombo vya jikoni na kitanda anacholalia.” Baada ya hapo zinafuata sahihi. Hakuna mtoto. Niliusoma mara tatu nikimtafuta mtoto nyuma ya kila nukta.

Mnielewe vizuri hapa. Mara nyingi anayetafutwa hayumo. Ndiyo kawaida ya kazi hii, na mteja anajua hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu unamwambia. Salma nilimwambia. Alikunja nakala, akasema, “Jumapili njoo kwangu. Mama atataka kusikia kwako, si kwangu. Mimi nitalia.”

Jumapili mchana nilikuta amepika wali wa nazi, na simu imewekwa sauti ili wote tusikie.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula? Huyo Salma anakupa chakula au anakupa mikate yao?”

“Nimekula, mama.”

“Haya, nisomee. Usiruke. Mimi si mtoto.”

Nikamsomea. Piano. Bunduki. Kwenye mbwa alinikatiza.

“Mbwa?”

“Ndiyo, mama. Anakwenda kwa daktari.”

“Mbwa ameandikwa!” Akacheka kicheko kirefu, na nyuma yake nikasikia watu wengine wakicheka. Kumbe amekusanya majirani, naye ameweka simu yake sauti. “Ehe. Kama mbwa ameandikwa, na mimi nipo. Endelea.”

Nikasoma vyombo vya jikoni. Kitanda sikukisoma. Nikafika kwenye sahihi.

“Na mimi?” alisema.

Salma alikuwa amesimama karibu na friji, akinitazama. Simu ilikuwa inanguruma kidogo. Hakuna aliyecheka tena upande wa pili. Walikuwa wanangoja, wale waliokuwa wakilitaja jina lake lote polepole, au watoto wa wale. Kwetu mtu mzima hafunuliwi mbele ya watu. Ukiona nguo yake imeteleza, unaishika, hata kama ni adui yako, halafu mengine yatajulikana baadaye. Ndivyo nilivyolelewa, na mkono wangu ulikwenda wenyewe.

“Anasema hivi, mama,” nilisema. “‘Na kwa Subira, mtoto wa Mwanaisha, ambaye ni damu yangu, namwombea ulinzi wa Mungu.’”

“Rudia.”

Nikarudia. Mara ya pili ilitoka kwa urahisi zaidi.

Upande wa pili mtu mmoja alipiga kigelegele, kikafuata kingine. Bi Subira hakupiga. Alisema tu, “Basi. Yatosha. Mungu akulipe, mwanangu,” akawapa simu wengine wanisalimu.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Salma aliuliza bila kugeuka, “Dada Rehema, hiyo sentensi iko ukurasa gani?”

“Haipo.”

Alisuuza sahani moja muda mrefu. “Umemsitiri,” alisema. Hakusema asante wala hakunilaumu. Tukafunga jalada.

Ningeweza kuishia hapa na ningekuwa na hadithi ya uongo mdogo wenye huruma. Miezi minne baadaye Mzee Jayanti, aliyekuwa anapanga makabati kwa sababu mwenye nyumba alitaka chumba chake, aliniita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia.

“Bibie. Njoo hapa. Hesabu karatasi hizi.”

Nikahesabu. Cheti cha mahakama cha kuidhinisha mirathi, ambacho huja juu ya nakala, kilisema wazi: wasia na nyongeza moja. Nyongeza ni karatasi ambayo mtu huandika baadaye kubadilisha au kuongeza jambo bila kuandika wasia upya. Mimi nilikuwa na wasia tu. Nyongeza haikuwamo. Na si kwamba sikuiona ile “moja” kwenye cheti. Niliiona. Nilijiambia nyongeza nyingi hubadilisha tu jina la msimamizi wa mirathi, na Jumapili ilikuwa karibu.

Nikaagiza. Ilifika bahasha nyembamba, karatasi moja. Ilikuwa ya miaka mingi baada ya wasia, mwaka wa mwisho wa maisha yake, na sahihi yake ilikuwa imetetemeka kama ya mtoto anayejifunza. Alisema ameacha kwa mawakili wake wa London bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Apewe mtoto wa Mwanaisha, aliyekuwa mpishi wake, endapo mtoto huyo ataiomba mwenyewe kwa mkono wake. Asitafutwe. Asipoomba, ibaki ilipo.

Mzee Jayanti aliisoma akaiweka chini. “Alikuwa muoga,” alisema. “Lakini aliacha mlango.”

Mawakili wale walikuwa wamemezwa na kampuni nyingine, nayo ikamezwa na nyingine. Nilifuata majina yao kwa wiki tatu. Karani mmoja, kijana mwenye adabu, aliangalia daftari la zamani na kuniandikia kwamba ndiyo, bahasha hiyo ilipokelewa na imeandikwa. Wakipata barua ya ombi yenye sahihi ya huyo binti, wataitafuta kwenye masanduku yao. Barua tu. Mistari miwili.

Nilimpigia Bi Subira siku hiyo hiyo. Nikamwambia kuna bahasha, baba yake aliiacha kwa ajili yake, inatakiwa sahihi yake tu. Nilidhani atafurahi.

“Sikiliza, mwanangu,” alisema, kwa upole kabisa. “Tangu nikiwa msichana wameniambia, huyu chotara anangojea mali ya Mzungu. Sikungojea mali. Nilingojea neno. Neno nimelipata, wewe mwenyewe umenisomea, na watu wamesikia. Sasa nikaandike barua niombe bahasha? Ili waseme, si tuliwaambia?”

“Mama, huenda si mali. Huenda ni barua.”

“Aniandikie nini zaidi ya yale? Ameshaniita damu yake. Mtu hashibi akaomba sahani.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ili atake bahasha ilibidi ajue hana neno, na ili ajue hana neno ilibidi mimi nimnyang’anye lile nililompa. Nikamuuliza kuhusu miguu yake. Nikamuuliza kuhusu mvua. Nikakata simu.

Salma alisema tumwache kwanza, yeye atakwenda Desemba na kumweleza ana kwa ana. Desemba zamu zikambana, hakwenda. Siku moja, kwa mzaha usio mzaha, alisema tutie sahihi sisi wenyewe, nani atajua. Mzee Jayanti alikuwa anasikia.

“Sentensi ya uongo haikuwatosha,” alisema. “Mwataka na mkono wa uongo.”

Mara ya tatu nilipompigia Bi Subira nilikuwa nimejiandaa. Niliandika maneno kwenye karatasi kama mwanafunzi. Nikaanza, “Mama, ile sentensi niliyokusomea...”

“Eh! Umepiga wakati mzuri,” alisema. “Nina mgeni hapa, mke wa marehemu kaka wa mume wangu, ametoka Pangani. Siku ile hakuwapo. Hebu msomee.”

Nikasikia simu ikipelekwa, na pumzi ya mtu mwingine.

Nikamsomea.

Sikupiga tena kwa muda. Mtaniuliza kwa nini, na nimejaribu kuwa mkweli katika jibu. Sikuogopa kumuumiza peke yake. Niliogopa pia kwamba bahasha ikifunguliwa ndani yake kungekuwa na maneno baridi, noti chache na salamu kwa mpishi, na kwamba yangu yalikuwa bora. Nilikuwa nashindana na mtu aliyekufa, nani kati yetu atakuwa baba mzuri zaidi.

Bi Subira alifariki wakati wa masika, nyumbani kwake, baada ya ugonjwa wa siku tano. Salma alipata ndege ya kesho yake na akawahi matanga. Aliniambia aliporudi kwamba wanawake waliokaa mkekani walikuwa wakisema sentensi ile kwa moyo, kila mmoja na nyongeza zake. Kwa mmoja, baba alikuwa amemwachia Mungu na malaika wake wote. Mpwa mmoja anayefundisha sekondari aliomba nakala ya ukurasa huo aitie kwenye fremu. Salma alimjibu kwamba karatasi iko London, kwa dada Rehema. Kila mwaka kijana huyo huniandikia kwa adabu kukumbusha.

Siku hizi mnatema mate kwenye kichupa, mnakitia posta, mnaambiwa ninyi ni wa nani kwa asilimia. Wasia mnausoma kwenye simu mkiwa ndani ya basi kwenda Edgware Road. Mimi sina neno na hayo, yangeniokolea macho. Ila hata simu itakuletea cheti kilichoandikwa “nyongeza moja” na wasia peke yake chini yake, na itanyamaza. Hesabuni karatasi. Na mkimfasiria mtu mzima mbele ya watu, ombeni kwanza watu watoke. Hilo tu lingetosha siku ile: kusema, mama, toa simu kwenye sauti, nataka tuzungumze wewe na mimi. Sikuwaza.

Salma na mimi tunasalimiana. Sikukuu huniletea visheti. Baada ya arobaini aliwaandikia mawakili kwa jina lake, akaambatanisha cheti cha kifo na cha kuzaliwa, akaomba apewe bahasha kama mrithi. Walikataa, kwa sababu nyongeza ilisema mtoto mwenyewe, kwa mkono wake. Akaandika tena. Mwaka wa pili yule karani mwenye adabu alimwombea kwa wakubwa wake, wakakubali sanduku lifunguliwe mbele yetu wote wawili.

Tulikwenda. Sanduku lilikuwa na namba ile ile iliyomo kwenye daftari. Ndani yake mlikuwa na mikataba ya pango ya watu tusiowajua, imefungwa kwa utepe, na hakuna kingine. Karani akatuletea daftari lenyewe. Kuna safu ya siku ambayo kitu kiliingia, na safu ya siku kilipotoka, na nani alikichukua. Bahasha ya mtoto wa Mwanaisha imeandikwa ilivyoingia, kwa wino mweusi, mwandiko safi. Safu ya kutoka haina kitu.